Chura wa Shangazi Mghoi

Jana usiku niliota niko katika maabara ya shule ninakofundisha biolojia, na kile kiunzi cha mifupa kinachosimama kando ya ubao miaka nenda miaka rudi kimevaa tai. Kimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Mazishi yenyewe si ya ndoto. Shangazi Mghoi, aliyetulea mimi na dada yangu Wakesho, anazikwa leo. Jana jioni Wakesho aliniomba niseme machache kaburini. Nikamweleza, kwa upole wote wa msomi, kwamba wafu hawasikii na hotuba ni hewa inayotikisika tu. Akaacha chakula chake mezani. Mimi nikajipongeza kwa kusema ukweli.

"Mwalimu," kinasema kiunzi, "unadai maombolezo hayana faida. Jaribio lako liko wapi?"

"Sijalifanya."

"Basi tulifanye." Kinaagiza shangazi wawili wanaofanana, mmoja aombolezwe, mwingine asiombolezwe, tupime tofauti. Anapatikana mmoja tu.

Hadubini inaguna mezani. "Sampuli moja! Na huyu anafundisha watoto wa watu."

Nachungulia ndani yake. Chini ya kioo yuko Wakesho, mdogo kuliko kiroboto, analia.

"Ni marufuku kumwaga kimiminika maabarani," inasema hadubini. "Mwambie aache. Sheria uliiandika wewe."

Nainua kichwa nimtetee, na maabara haipo. Tuko shambani kwetu Wundanyi, kaburini. Kiunzi kinajipepea kwa ratiba ya mazishi. Jeneza linafunguka, shangazi anaketi, anajifunga leso vizuri.

"Shangazi, unanisikia?"

"Sisikii. Nimekufa. Si umesema mwenyewe?"

"Lakini unanijibu."

"Ndoto ni yako, Mwakio, mimi nimeitwa tu. Tena umesema kweli, mwanangu, wafu hatusikii. Sasa hao wanaosikia unawanyima kwa nini?"

Kiunzi kinakubali kwamba hoja ina uzito.

"Yule chura unamkumbuka?"

Namkumbuka. Nilikuwa mtoto, nikampasua jikoni usiku ili nione moyo wake. Shangazi alinishikia koroboi mpaka nikamaliza, ingawa vyura aliwaogopa kuliko nyoka. Woga huo hakutaka mtu aujue.

"Tulikuwa wawili tu mle jikoni," anasema. "Mmoja amekufa. Ukinyamaza na wewe, chura hakuwapo, wala mimi sikushika taa yoyote. Haya, zamu yako."

Hapo ndipo uchungu wa msiba uliponishika, kwa mara ya kwanza tangu afe. Ananipa koroboi. Naipokea kama msomi, kwa upande wa utambi. Naungua, naamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikuwa chumba cha wageni kwa Wakesho, ambako taa ni za umeme na koroboi haijaonekana tangu nyumba ijengwe. Kidole gumba changu kilikuwa na masizi. Nilitafuta maelezo ya kisayansi nikapata kadhaa, yote mabovu.

Wakesho akabisha mlangoni. "Kaka, mchungaji anauliza nani atasema kwa niaba yetu."

"Mimi."

Akachungulia ndani. "Si wafu hawasikii?"

"Hawasikii," nilisema. "Wewe ukae mbele."