Namba ya Chuma cha Baba

Mimi si mtu wa kuzimia. Nina miaka kumi na moja katika hospitali ya misheni hapa Songea, mingi nikiwa chumba cha upasuaji, na madaktari wanafunzi ndio ninaowadaka wakianguka. Lakini Jumanne ile ya mwaka huu wa tisini na nne, aliyeanguka ni mimi.

Dokta Henry alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kwa wiki moja na sanduku lake la vyombo. Mgonjwa alikuwa Bi Stumai, muuza mchele wa Nakapanya. Chuma cha nyonga alichowekewa mwaka themanini na nane kilikuwa kimelegea, kinacheza ndani ya mfupa kama mpini uliolegea kwenye jembe, na kila hatua ilimtoa machozi. Kazi ilikuwa kukitoa bila kuupasua mfupa, kisha kuweka kipya. Faili lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa namba ya chuma. Nilinuna. Uzembe wa makaratasi huniudhi kuliko nzi kwenye chai.

Dokta alifungua, akachokonoa kwa patasi nyembamba nyama ngumu iliyoota kukizunguka chuma. "Ndoano," akasema. Nikampa. Akaipitisha kwenye tundu la shingo ya chuma, akaigonga kwa nyundo kuelekea juu, taratibu, mara tano, mara sita. Kikachomoka ghafla, na kichwa chake cha mviringo, kimelowa damu. Akanikabidhi.

Kwetu chuma kinachotoka mwilini husuuzwa palepale, muuguzi wa vyombo akasoma namba yake kwa sauti, mwenzake akaandika kitabuni. Kila chuma kina namba yake, haifanani na nyingine. Nikasuuza, nikasoma: "Saba, sifuri, nne, mbili..." Sauti ikakatika.

"Endelea, sista," akasema Dorine, kalamu mkononi.

Zilizobaki sikuhitaji kuzisoma. Tisa, tisa. Namba ile niliiandika kwa mkono wangu mwaka themanini na tatu, nikiwa muuguzi mpya, kwenye kadi ya baba yangu, Mzee Kajetani, aliyevunjika nyonga kwa kuanguka na baiskeli. Na baba tulimzika makaburi ya Ruhuwiko na chuma chake mguuni. Ndivyo nilivyojua mimi.

"Imaculata!" Dokta alifoka. "Mgonjwa yuko wazi!"

Tulimaliza, chuma kipya kikakaa mahali pake. Sijui nilimalizaje. Mikono ilitoa vyombo, kichwa kilikuwa makaburini. Nani alimfukua baba yangu?

Halafu nikakumbuka jambo lililougawa ukoo wetu. Baba alifia hospitali hiihii mwaka huohuo wa themanini na nane, nikiwa masomoni Mtwara. Kwetu marehemu mwanamume huoshwa na ndugu zake. Mama yangu, Ida, alikataa katakata. Alifunga mlango, akamwosha peke yake, akamvalisha suti, jeneza likapigwa misumari. Baba mdogo Fransisko alisema mbele ya waombolezaji kwamba mwanamke anayeficha maiti ana lake jambo. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Nami, Mungu anisamehe, nilimshuku mama yangu mzazi.

Jioni nilikiviringisha chuma kwenye shashi, nikakibeba hadi nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele. Hata shikamoo sikutoa. Nilikitua mezani, nikakifunua, nikasogea karibu ili nimshike asianguke.

Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Stumai mzima?"

Nilikaa sakafuni, puu, na sare zangu za kazi.

"Mzima," nikasema. "Umemjuaje Stumai?"

"Huu mchele unaokula kila Noeli, unadhani unatoka wapi?"

Mama aliweka ungo pembeni.

"Siku hizi maduka yamejaa, mmesahau. Mwaka ule hata sabuni tulitafuta kwa tochi, sembuse chuma cha nyonga. Stumai alilala wodini miezi mitatu, nyonga imevunjika, mgongo unaoza, na watoto wanne nyumbani. Yule daktari mzee, aliyerudi kwao Ulaya, alinifuata baba yako hata hajapoa. Akaniomba. Akasema namba hataiandika popote. Nikamwambia, chukua. Kajetani alipenda kutembea, mwanangu. Kule chini angetembea kwenda wapi?"

"Kwa hiyo kidonda kwenye nyonga ya baba..."

"Ndiyo maana nilifunga mlango. Fransisko angekiona, angemvamia daktari kwa panga."

"Miaka sita wanakuita mchawi, mama! Wao sawa. Mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Ningepiga kelele kumshinda Fransisko, na Bi Stumai angezikwa na watoto wake wanne wakimlilia. Nilijijua, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama alileta beseni la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni. Alikishika chuma kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye zile namba.

"Kesho nenda kamwite baba yako mdogo," akasema. "Tutakirudisha kaburini kwa mwenyewe, wote tukiwepo."

Kisha akainuka kwenda kufunga mlango, kwa mazoea tu.

"Mama," nikamwambia, "uache wazi."

Akauacha. Nikakunja mikono ya sare yangu, tukamwosha baba pamoja.