Kobe Mwenye Herufi Mgongoni

Kobe alikataa kula. Tangu bibi Arvella ahamie naye mjini kwa binti yake, sahani ya stroberi iliingia imejaa na kutoka imejaa. Walionenepa ni sisimizi.

Si kwamba bibi hakujitahidi. Kabla hajakabidhi shamba lake la kusini mwa Missouri kwa mnunuzi, alimburuta mkwewe Dwight mpaka kule, wakajaza pikapu: majani makavu ya mwaloni, udongo mweusi wa kando ya kijito, uyoga, na gogo lililooza pamoja na minyoo yake. Nyuma ya nyumba Dwight akapigilia uzio wa mbao na kufukia beseni la maji.

"Mama, huyu kobe kanipita kwa makazi," alisema akijifuta jasho. "Mimi hata gogo sina."

"Ungekuwa mpole kama yeye ningekuletea."

Gamba la kobe lilikuwa na herufi R.S. na mwaka 1961. Rolland Stroud, marehemu mume wa Arvella, alizichonga kwa kisu cha mfukoni alipokuwa mtoto, kama watoto wa kule walivyozoea kumfanyia kobe waliyemwokota. Tangu hapo, kila kiangazi walimkuta palepale kwenye vichaka vya beri nyeusi. Rolland alipozikwa, trekta likanadiwa, na ng'ombe, mpaka viti. Kobe akabaki.

"Ana jina letu mgongoni," Arvella alisema. "Mtu wa familia unamwachaje?"

Lakini mtu wa familia alishinda akitembea kando ya uzio wa kusini, akienda na kurudi, mpaka akachimba njia na pua ikachubuka. Pande nyingine hakuzigusa. Dwight alimgeuza kaskazini, kobe akajigeuza tena kusini.

Hoyt, mdogo wake Rolland, alikuja na mkate wa mahindi, akakalia ndoo, akatazama.

"Shemeji, shambani ni upande gani?"

Arvella aliutazama uzio wa kusini.

"Umebeba majani, umebeba gogo. Kijito umekiacha. Huyu mzee anajua mahali pamoja tu duniani, kama kaka. Si ulimpeleka kaka baharini, kesho yake mkarudi?"

"Alisema maji yamezidi." Arvella alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Nikimrudisha, mimi nabaki na nani?"

"Na mimi."

"Ndiyo maana nalia."

Hoyt naye alicheka, halafu akasema taratibu, "Baridi ikimkuta na njaa hii, akijifukia kulala hatoki tena ardhini. Unajua."

Alijua. Asubuhi yake Dwight akawasha pikapu.

Walipokata kona ya mwisho kuingia shambani, mialoni haikuwepo. Mnunuzi alikuwa ameshaikata yote. Vilibaki visiki, alama za magurudumu ya mashine, na lundo la matawi pale vilipokuwa vichaka vya beri. Kijito kilikuwa tope.

Dwight alizima injini. "Mama, turudi. Kilichobaki cha msitu huu ni kile tulichobeba, kiko nyuma ya nyumba."

Ilikuwa kweli. Kobe mapajani mwa Arvella alikuwa amejifunga kama sanduku, kichwa na miguu yote ndani. Kisha gamba likafunguka. Shingo ikatoka, na miguu ikaanza kutembea hewani.

Arvella akashuka, akamweka chini.

Kobe hakusita. Alipita katikati ya visiki, akakwama kwenye alama ya gurudumu, akapanda, akaanguka, akapanda tena. Akafika kwenye lile lundo, akaingia chini yake. Walisikia akikwaruza. Halafu hawakusikia kitu.

"R.S.," Arvella aliita, kama walivyomwita kila kiangazi. "R.S., wewe."

Alisubiri mpaka Dwight akamshika mkono.

Jumamosi Dwight alitoka na nyundo kubomoa uzio. Arvella alikuwa ameketi ndani yake kwenye lile gogo, koti limefungwa mpaka shingoni, anatazama kusini.

"Bomoa pande zingine," alisema. "Huu uache."