Vistari vya Nzilani

Mwalimu Kisilu alikuwa bahili wa penseli, tusimfiche. Katika shule yake nje ya Mutomo, penseli moja ilikatwa kwa wembe, ikawatosha watoto wawili muhula mzima. "Gusa karatasi tu, usikandamize," aliwaambia tangu darasa la kwanza, na aliyevunja ncha alikiona cha moto.

Nzilani, binti Muli, ndiye aliyeshika neno hilo kuliko wote. Na sayansi mtoto huyo aliipenda ajabu. Alipoulizwa kwa nini maji ya mtungini hupoa, alilowesha mkono wa mwalimu, akaupuliza, akasema, "Umesikia baridi?" Kisilu alimpenda kama mwanawe. Lakini Muli alikuwa ameshakata shauri: akipita mtihani wa darasa la nane, ataenda sekondari, asipopita, ataenda Kikima kwa shangazi yake kulea watoto. Kurudia darasa hakuna.

Mwaka huo, 1986, majibu yalisomwa na mashine. Mtoto alichora kistari kwenye herufi ya jibu, basi. Kisilu aliwaeleza hivyo, akaona kazi yake imekwisha.

Matokeo yalipofika, Nzilani alikuwa mkiani. Sayansi, karibu sufuri. Kisilu alikataa kuamini. Akamwita ofisini, akampa karatasi na maswali yaleyale, ajibu kwa penseli ileile mpya aliyopewa siku ya mtihani.

Alipomaliza, Kisilu aliona karatasi tupu. Akaipeleka dirishani. Hapo vistari vikaonekana, hafifu mno hata mashine isingeviona, kila kimoja mahali pake. Hakukosa hata swali moja.

"Mbona hukukandamiza, mama?"

"Si ulitukataza, Mwalimu."

Wenzake, kwa woga wa mtihani, walisahau wakakandamiza. Mtiifu alikuwa yeye peke yake. Kisilu aliumia moyo hata akashindwa kumtazama usoni. Akatoka nje, Nzilani nyuma yake, hadi alipokuwa Muli akingoja na sanduku la binti yake kwa safari ya Kikima, akamwambia kosa ni lake, mtoto anajua kila kitu.

Muli alimsikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini, Mwalimu," akasema. "Lakini sekondari wameita watoto wao tayari. Nzilani, twende, basi litatuacha."

Nzilani alimpa Kisilu ile penseli kwa mikono miwili.

"Haijaisha," akasema. "Wale wadogo unaweza kuwakatia."