Ugomvi wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma na kwa sababu ya ulimi wake. Alitengeneza mageti, madirisha ya nondo na vitanda vya chuma, na mkono wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walimvumilia. Mteja aliondoka na geti imara pamoja na maneno ya kumkera wiki nzima.

Mkewe peke yake ndiye aliyeweza kumnyamazisha. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye vumbi la chaki kwenye sketi na kicheko kilichofika mlangoni kabla yake. Cheche akianza kumponda mtu, mkewe alimtazama tu, kichwa kimeinama upande, naye Cheche akameza maneno. Kisha figo zikamgomea. Akavimba miguu, akavimba uso, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwishowe Cheche akarudi nyumbani na mfuko wa plastiki wenye kandambili za marehemu na kikombe chake. Binti yao ndiyo kwanza alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele.

Hapo ndipo wafariji walipoingia, na Cheche akagundua kwamba alikuwa hajawahi kudharau watu sawasawa.

Walikuja kwa makundi na sauti zao za kilio zilizopimwa. Mmoja alimwambia Mungu amechuma ua alilolipenda. Cheche akamuuliza hiyo ni bustani gani ambayo mwenyewe anachuma maua ya majirani. Mwingine akasema marehemu amepumzika. "Nani alikwambia alichoka?" Cheche akamjibu. "Alikuwa na wanafunzi wake wanamngoja." Wa tatu, mwanamume mwenye tumbo kubwa, akamshika bega akamwambia ajikaze kiume, kisha akageuka kutafuta chakula kiko wapi.

Lakini aliyempita wote alikuwa mchungaji. Alikuja na viatu vinavyong'aa hadi unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu, akakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akazungumza habari za makusudi ya Mungu kama mtu aliyekuwepo kwenye kikao walipoyapitisha. Cheche alimtazama mdomo ukifunguka na kujifumba. Aliwaza kwamba kama mbinguni ndiko wanakokwenda watu hawa, basi yeye atatafuta nyumba ya kupanga kwingine.

Wakaondoka wote. Akabaki mama mkwe.

Alikuja kwa mazishi na begi moja, akakataa kurudi kwake kwa sababu ya mjukuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane wa siku nyingi, aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na alikuwa na kasoro moja ambayo Cheche hakuweza kuizoea: aliimba. Aliimba nyimbo za kanisani akiosha vyombo, akifagia, akimsuka mtoto nywele, kwa sauti iliyokwaruza na kukosa noti kila mahali. Mwanawe wa kumzaa yuko chini ya udongo, naye anaimba! Cheche aliona imani ile ni sharubati, maji na sukari, kinywaji cha watu wasiojua kinachotokea duniani. Alimheshimu kwa mdomo, kama inavyopasa mkwe. Moyoni alimdharau kuliko wafariji wote, maana wale angalau walikuwa na pa kwenda.

Asubuhi moja uzalendo ukamshinda. Mama mkwe alikuwa anamimina chai huku akiimba juu ya mbingu njema, Cheche akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Mama, samahani, nikuulize. Huyo Mungu wako, siku binti yako anakata roho, alikuwa ametoka kidogo?"

Wimbo ukakatika. Mtoto akaacha kutafuna. Mama mkwe akasimama na birika mkononi.

"Chai yako inapoa, baba," akasema, akaenda jikoni.

Cheche akatabasamu kwa uchungu. Hana jibu, akawaza. Hawana jibu, hata mmoja wao. Akatoka kwenda karakana akiwa na ushindi ambao haukumpa raha hata kidogo.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, na tangu msiba Cheche alifanya kazi humo kama mtu anayegombana na chuma. Miwani ya kukinga macho ilining'inia kwenye msumari, na hakuigusa. Mwenzake wa kibanda cha jirani, fundi wa viti, alimwonya mara nyingi. Cheche alimjibu kwamba miwani ni ya watu wenye hamu ya kuishi. Siku hiyo alikuwa analainisha maungio ya geti kwa grenda. Jiwe la grenda likapasuka. Kipande kikampiga jicho la kushoto, naye akajikuta amepiga magoti kwenye vumbi la chuma, akishikilia uso wake na kusikia fundi wa viti akipiga mayowe.

Hospitali walimshona. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya usingizi, akamwambia la kushoto hana uhakika nalo, na la kulia nalo limeungua kwa mwanga wa kuchomelea bila kinga, kwa hiyo atafunga yote mawili mpaka yatulie. "Usilie," akamwambia. "Machozi yana chumvi." Cheche akamwambia asiwe na wasiwasi, hakuwa amelia hata alipozika.

Akarudishwa nyumbani akiongozwa mkono kama gunia lenye miguu. Mama mkwe ndiye aliyemlaza. Ndiye aliyemwekea kijiko mkononi, akamwelekeza kikombe kilipo. Cheche aliona aibu hadi masikio yakawaka, na aibu ile akaigeuza kuwa hasira, maana hasira ndiyo aliyoijua namna ya kuishika.

Mchungaji akaja tena. Cheche akasikia viatu vyake sakafuni na akakijua kiti alichokwenda kukaa.

"Ndugu yangu, Mungu ana makusudi hata na jicho lako," mchungaji akaanza. "Huenda alitaka ufumbe macho ya mwili ili uone kwa macho ya roho."

"Mchungaji," Cheche akasema, "ningekuwa naona, ungekuwa umeshatoka."

Mchungaji akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefundishwa asikasirike, akaomba maombi marefu yenye maneno ya kupambwa, akaaga. Mama mkwe akamsindikiza kwa adabu zote. "Asante mchungaji. Ubarikiwe mchungaji. Tahadhari na ngazi mchungaji." Mlango ukafungwa. Nyumba ikatulia, mtoto akiwa shuleni. Cheche akaugeukia ukuta akingoja wimbo uanze, na akajiapiza kwamba leo ukianza atarusha kikombe.

Wimbo haukuanza. Chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba, akasikia kitanda kikilia kwa mtu aliyekaa kwa nguvu. Kisha sauti ya mama mkwe, kavu, ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Umemsikia yule? Huyo ndiye uliyemtuma? Huna mwingine?"

Cheche akatega sikio ukutani.

"Makusudi! Ananiambia mimi makusudi! Nimezaa mmoja tu, ukamchukua. Kabla yake ulimchukua baba yake. Sasa unamchukulia huyu jicho. Unamtaka kipande kipande? Sina maneno mazuri leo, usiyangoje. Nimekuimbia mpaka koo limekwisha. Unadhani niliimba kwa furaha? Niliimba kwa sababu nikinyamaza nitapiga yowe, na kuna mtoto ndani ya nyumba hii."

Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepandisha mzigo ghorofani.

"Ila nakujua," akaendelea. "Ulilia kaburini kwa rafiki yako mbele ya watu, hukujali watasema nini. Kama usingelia wewe, nisingekupa hata dakika moja ya muda wangu. Walikuvua nguo, wakakutundika, mama yako akasimama pale akaangalia. Akaangalia mwanawe akifa! Mimi nami nimeangalia. Kwa hiyo hunidanganyi na wala sikudanganyi. Ulitoka kaburini ukasema na sisi tutatoka. Nimekushika hapo hapo. Mtoto wangu utanirudishia, na sitakuachia mpaka nimwone. Kasirika ukitaka."

Kitanda kikalia tena.

"Na huyu aliyelala hapo upande wa pili, anajiona anakudharau. Maskini. Kumdharau mtu lazima umsogelee kwanza, yeye anakupigia kelele kutoka barabarani. Mfungulie. Na jicho lile moja mwachie, ana mtoto wa kulea. Amina."

Akapenga kamasi kwa sauti kubwa.

Cheche alilala pale, bandeji usoni, akahisi kitu kinampanda kifuani. Alidhani ni kikohozi. Kikatoka kama kicheko, cha kwanza tangu msiba, kibovu na chenye kutu, na hakikuzuilika. Mlango ukafunguliwa.

"Ulikuwa unasikia?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ukuta wenyewe ni mbao."

"Umesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia mchungaji."

Kisha akamsikia akivuta kigoda na kukaa mbali kidogo na kitanda, umbali wa heshima.

"Basi na usikie hili pia," akasema. "Ulinidhania mimi mjinga. Usibishe. Uso wako hauna pazia, baba. Nilikuwa naona kila nikiimba."

"Kwa nini hukusema? Siku ile nilipokuuliza mezani?"

"Mbele ya mtoto? Tena uliuliza ili unione nikianguka. Ungeuliza ili ujue, ningekaa nikakujibu."

Cheche akatafuta neno la kumchoma, kama kawaida yake, akakuta sanduku limekuwa tupu. "Ungenijibu nini?"

"Kwamba sijui alikuwa wapi. Nimemuuliza hilohilo mara nyingi kuliko wewe. Hajaniambia." Akakisogeza kigoda karibu na kitanda. "Lakini nikimaliza kugombana naye naweza kusimama. Kabla ya hapo siwezi hata kunyanyua ndoo. Nguvu hiyo si yangu, mimi najijua, ni mwanamke mwoga. Mwenyewe sina. Kuna anayenipa."

Sauti yake ikakatika mwishoni, na Cheche akasikia analia. Hakuwa na macho ya kukwepesha wala pa kwenda. Akanyoosha mkono hewani, akaupata ukingo wa sweta, akaushika huo ukingo. Mama mkwe hakuuondoa.

Kesho yake, mama mkwe akiwa sokoni na mtoto shuleni, Cheche akaketi kitandani akajaribu. Alijiona kichekesho, mtu mzima amefungwa macho anasema na hewa.

"Sikupendi," akaanza.

Hakuna kilichotokea. Akaendelea. Alimtukana Mungu kwa matusi yote ya karakana, akamtukania wafariji wake, viatu vya mchungaji, yule mwenye tumbo. Akamwambia kazi yake ya kutengeneza figo ni ya kulipualipua, na fundi wa mtaani angeona haya kuikabidhi. Alikuwa anajua kutukana, na alitukana mpaka akaishiwa. Na yalipoisha akakuta chini yake kuna neno moja tu, jina la mkewe, ambalo hakuwa amelitamka tangu makaburini. Akalitamka. Akalirudia. Machozi yakamiminika kwenye bandeji na chumvi yake yote, yakauma kama moto, naye hakujali daktari alisema nini.

Alichokisikia baadaye hakikuwa sauti. Kilikuwa kama unapotua kitu kizito ukadhani kitaanguka, kumbe kuna mtu upande wa pili ameshika.

Siku ya kufunguliwa, jicho la kulia liliona dirisha, pazia, na daktari akipiga miayo. La kushoto liliona maziwa matupu, na limebaki hivyo mpaka leo. Cheche alirudi karakana. Ulimi wake haukuota asali, wateja wanaweza kukuapia. Anavaa miwani, na ukimsifia kwa hilo anakwambia shika njia yako.

Jumapili anakwenda kanisani na mama mkwe na mtoto, anakaa benchi la nyuma. Bado anamwona mchungaji ni debe tupu lililopakwa rangi, na mchungaji hajafanya juhudi yoyote ya kumbadilisha mawazo. Lakini unapofika wakati wa mkate na kikombe Cheche husimama na kwenda mbele, na wa kwanza kushangaa alikuwa yeye mwenyewe. Mama mkwe alimuuliza mara moja kilichompeleka. Akasema pale mbele hakuna hotuba, kuna mtu aliyevunjwa, na wa namna hiyo anaweza kukaa naye.

Jioni moja binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba, akimtazama akisugua kutu mikononi kwa sabuni.

"Baba, bibi anasema mama tutamwona tena. Ni kweli?"

Zamani angesema nenda kamuulize bibi yako. Angesema upuuzi. Cheche akaacha kusugua.

"Ndiyo," akasema. "Tutamwona."

Akaisikiliza sauti yake mwenyewe jinsi anavyougonga muungio kwa nyundo ili kujua kama umeshika au umeganda juu juu tu. Akaugonga mara nyingine moyoni, kwa nguvu zaidi, kwa dharau yake yote. Ukashika.

"Atakuwa na meno yote?" mtoto akauliza.

"Yote," Cheche akasema. "Nisogezee maji."