Mkanda wa Upande wa Barabara

Mafundi tisa, mkanda wa usalama mmoja. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye ghala lililokuwa likiezekwa kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na Mbotela, mwaka ule wa mvua isiyokatika, tisini na saba. Mkanda alifungwa aliyeezeka upande unaotazama barabara, kwa sababu mkaguzi alikuwa na tabia ya kupita na gari, akainua macho, akaridhika, akaenda zake. Mkaguzi gani huyo asiyeshuka garini? Waliokuwa upande wa nyuma walijishikilia kwa vidole vya miguu, peku, maana kiatu chenye tope juu ya bati lililoloa ni kifo.

Asubuhi hiyo Bwire alipanda nusu ya ngazi, akashuka. Bati lilikuwa linateleza. Akamwendea Njogu, nyapara wao, aliyekuwa akinywa chai ya Muhonja. Muhonja ni mke wa huyo huyo Bwire, na aliwauzia mafundi chai na mandazi pale langoni. Bwire akaomba kwa heshima apewe mkanda aliofungwa Zedekiah, au basi wangoje kidogo bati likauke.

"Kule nyuma nani atakuona?" Njogu akamuuliza.

Watu wakacheka. Hata Zedekiah, fala yule, alicheka. Njogu akaonyesha lango kwa kidole: nje walisimama vibarua kama thelathini, wametota, wanangoja mmoja achoke. Mwenye nguvu mpishe. Bwire akapanda.

Hakumaliza hata bati la pili. Walisikia mkwaruzo mrefu, kisha kishindo kwenye kokoto. Muhonja alikimbia nyuma ya ghala akamkuta mumewe kalala chali, macho wazi, anasema hasikii miguu. Zedekiah akaanza kushuka aje kusaidia.

"Wewe baki huko juu," Njogu akamkaripia. "Mkaguzi akipita aone mtu."

Bwire akapakiwa kwenye mkokoteni wa kubebea saruji. Njogu akamweleza Muhonja kwamba kampuni haina kosa, mumewe alivua viatu mwenyewe, kila mtu alimwona. Kisha akageuka kwenda langoni kuchagua mwingine.

Muhonja aliwaka moyoni. Alitamani kummwagia chai ya moto usoni. Lakini nyumbani walikuwa watoto wanne, Triza na wadogo zake, na huyu Njogu ndiye mwenye kazi. Akamfuata mbio, akamshika mkono wa koti.

"Mzee, tafadhali, nafasi isitoke kwetu. Nina ndugu yangu, Shitanda. Anakaa hapa hapa Mbotela."

"Anaogopa juu?"

Shitanda alishikwa na kizunguzungu hata akisimama juu ya kiti.

"Haogopi," Muhonja akasema.

"Basi kamwite, Mama Triza. Nakupa dakika kumi."

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka langoni, unakata kushoto kuelekea zahanati. Muhonja akakata kulia, mbio.