Uso wa Kichaka

Mimi kazi yangu ni wino. Kaka yangu huchora kwa penseli, mimi napitisha wino juu ya mistari yake, ukikauka nafuta penseli kwa raba, ukurasa unakwenda kwa mchapaji. Miaka saba tumefanya hivyo, meza moja, taa moja, tukigombania kikombe kimoja cha brashi.

Kitabu chetu ni cha katuni za kutisha, na mhusika wake ni Kichaka, mtoto wa kike aliyekulia porini, ambaye akikasirika hugeuka fisi, paka, popo, chochote chenye meno. Wakusanyaji hununua nakala mbili mbili: moja ya kusoma, nyingine ya kufunga kwenye nailoni isiguswe hata na pumzi. Hubishana mpaka mapovu yanawatoka, kwa nini Kichaka akiwa binadamu haonekani uso. Kila mara amegeuka, au nywele zimemfunika.

Wao hawajui. Mimi najua. Kichaka ni binti wa kaka yangu, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita. Alikuwa mtundu yule mtoto, hashikiki, hasikii la mtu. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ikaibwa hapo hapo msibani. Watu wengine hawana haya kabisa.

Mwaka huu mikono ya kaka ilianza kutetemeka, na daktari akasema haitapona. Toleo la mwisho lilimchukua miezi mitano. Alipoweka ukurasa wa mwisho mezani kwangu, alikwenda kujinyoosha kidogo. Nikamwona Kichaka amesimama mlangoni kwao, mwili umechorwa vizuri, na pale usoni kuna mistari hafifu, hafifu mno. Nikajua ni mistari ya kupimia kichwa tu, ya kufutwa, kama siku zote. Nikapiga wino mwili, mlango, vivuli. Ukakauka. Nikafuta.

Kaka aliporudi akauangalia ule ukurasa, akakaa chini.

"Uso uko wapi?"

"Uso gani?"

"Nilimchora, mdogo wangu. Wiki tatu nzima nilikuwa namchora. Mkono haukuweza kukandamiza zaidi ya pale."

Nikamwambia nimeufuta mimi, tena bila hata kuangalia vizuri, anisamehe. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Mimi siwezi tena," alisema. "Mchore wewe. Wewe ni shangazi yake."

Sijawahi kuchora uso wa mtu. Mimi ni wa kufuata mistari ya wengine. Lakini nilichukua brashi nikachora moja kwa moja kwa wino. Nikamchora nilivyomjua: amekunja pua, jino la mbele hana, macho kanikodolea kwa sababu nimemwambia ashuke juu ya kabati. Nilikuwa nalia, wala sikujificha.

Kaka aliushika ukurasa kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu na taa.

"Mimi nilimchora amefumba macho," alisema. "Tangu siku ile pale kitandani, kila nikimkumbuka amefumba macho. Nilishasahau kwamba alikuwa akituangalia hivi."

Mchapaji amepiga simu mara mbili kuulizia ukurasa wake. Nimemwambia asubiri, baba mtu bado anamtazama mwanawe.