Mahindi Yaliyorudi

Lori la msambazaji wa mahindi lilirudi Alhamisi, likiwa na magunia mapya na karatasi mpya. Mjomba wangu akatoka mwenyewe kulipokea. Yeye ndiye meneja wa kiwanda chetu cha chakula cha mbwa na paka. Mimi ni mpokeaji wa malighafi: bila muhuri wangu, gunia haliingii ndani.

Jumatatu nilikuwa nimekataa mahindi ya msambazaji huyuhuyu. Yalikuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kuanikwa juani, na mbwa akiila wiki hadi wiki, ini linamwisha.

"Haya ni mengine," mjomba alisema. "Piga muhuri, mwanangu. Halafu ukashone hiyo ovaroli. Pini kifuani kote, unatutia aibu."

"Napima kwanza."

"Vipimo vimeisha."

Jana nilikuwa nimeviacha kabatini, boksi zima. Hasira zikanipanda.

"Basi nitachekecha."

"Ni chakula cha mbwa hiki, si cha harusi!"

"Mbwa hasomi lebo, mjomba. Namsomea mimi."

Akanisogelea. "Kazi hii nilikutafutia mimi. Ukinikaidi, leo unarudi kwa mama yako mikono mitupu."

Niliogopa, sifichi. Mama anaishi kwa kazi hii. Hata hivyo nilivuta chekeche, nikamwaga gunia la kwanza. Mahindi tu. La pili, mahindi tu. Kufikia la nne, wapakuzi walikuwa wananicheka waziwazi, na dereva anatazama saa.

La tano, kitu chekundu kikagonga wavu. Kilikuwa kifungo.

Nilikiokota, nikakiweka kifuani pangu, juu ya pini ya kwanza, kando ya tundu lake. Jumatatu, kabla lori halijaondoka, nilikata vifungo vyangu vyote sita nikavisokomeza katikati ya mahindi ya magunia sita. Mzigo uliokataliwa huteketezwa, kwa hiyo vifungo vyangu visingeonekana tena. Labda kama mtu angeurudisha.

Vicheko vilikatika.

"Tuongee ofisini," mjomba alinong'ona.

"Tuongee hapahapa." Nilipiga muhuri wa kukataa juu ya karatasi zake mpya, kwa nguvu hadi meza ikacheza. "Nifukuze ukitaka. Ila vimebaki vitano humo, na nitavitafuta mbele ya watu wote."

Mkuu wa wapakuzi alimtazama mjomba, akanitazama mimi. Kisha akapanda kwenye lori, akaniteremshia gunia la sita.